Kweli au si kweli? Biotini ndani ya mayai ya viumbe wa baharini

Mayai ya viti vya pweza, nungu bahari na kombe yamewafundisha wanabiolojia mengi kuhusu namna seli inavyoamua kugawanyika. Hupatikana kwa wingi msimu ukifika, mengine hupitisha mwanga, na hupevuka ndani ya bakuli la maji ya bahari huku mtafiti akitazama. Katika kuyachunguza, maabara nyingi hutumia biotini. Huibandika kwenye protini inayofuatiliwa, kisha huisaka kwa rangi inayong'aa. Tatizo ni kwamba yai nalo lina protini zake zenye biotini, zilizokuwamo kabla mtafiti hajaligusa. Mkanganyiko huo, ukichanganyika na ule wa siku zote kuhusu mayai na vitamini, umezaa madai yanayosikika darasani, maabara na hata kwenye maduka ya dawa. Hapa tunayapima tisa.

DAI LA 1: "Biotini ni vitamini ya nywele na kucha."

SI KWELI. Nywele na kucha ni sehemu ndogo ya habari yenyewe. Biotini, au vitamini B7, hufanya kazi ikiwa imefungwa kwenye vimeng'enya viitwavyo kaboksilesi. Hufungwa kwenye asidi amino moja ya protini hiyo, laisini, na kifungo chake ni cha kemikali, hakiachii kwa kuoshwa. Ikishatulia hapo, hupokea kaboni kutoka kwenye baikaboneti, kwa nguvu inayotolewa na ATP, na kuikabidhi kwa molekuli nyingine.

Binadamu ana kaboksilesi tano za aina hii. Mbili husaidia kutengeneza asidi za mafuta na kudhibiti uchomaji wake. Ya tatu, piruveti kaboksilesi, hujaza upya mzunguko wa nishati ndani ya mitokondria. Mbili zilizobaki hushughulikia mabaki ya baadhi ya asidi amino na mafuta. Vimeng'enya hivi ni vya kale mno, na wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo nao wana jamii hiyohiyo.

Wanyama hawawezi kujitengenezea biotini. Bakteria, mimea na fangasi wengi wanaweza, na nungu bahari huipata kwa kula mwani. Yai halili. Mpaka kiluwiluwi apate mdomo, kila kilichomo ndani ya yai, biotini ikiwemo, ni akiba iliyowekwa na mama.

DAI LA 2: "Yai likishatoka mwilini mwa mama, limeshapevuka."

INATEGEMEA MNYAMA. Kupevuka kunakozungumzwa hapa ni kupita katika meiosisi, ile migawanyiko miwili inayopunguza kromosomu hadi nusu. Kila kundi la wanyama lina kituo chake cha kusubiri.

Nungu bahari humaliza safari yote ovarini. Yai analolimwaga lina kiini kidogo, linangoja mbegu ya kiume tu. Kombe wa jenasi ya Spisula, wa pwani ya mashariki ya Marekani, ni kinyume chake. Yai lake humwagwa likiwa bado na kiini kikubwa cha uchangani, na kiini hicho huvunjika baada ya mbegu kuingia. Yai la kome wa Mytilus husimama katikati ya mgawanyiko wa kwanza.

Kiti cha pweza ana utaratibu wake. Mayai yake hukaa ovarini yakiwa yamesimama mwanzoni mwa mgawanyiko wa kwanza, na huamshwa na homoni wakati wa kumwagwa ukikaribia. Mwaka 1959 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dondoo la neva za mikono yake humfanya amwage mayai. Mwaka 1969 Haruo Kanatani na wenzake wa Japani waliitambua kemikali inayoliamsha yai lenyewe: 1-methiladenini. Kumbe neva hazisemi na yai moja kwa moja. Homoni ya neva, ambayo mwaka 2009 ilitambuliwa kuwa jamaa wa homoni ya relaksini, huziamuru seli zinazolizunguka yai kutoa 1-methiladenini, nayo hugusa uso wa nje wa yai. Ukiidunga ndani kwa sindano haifanyi kitu.

Kwa hiyo anayetaka kulinganisha protini za biotini kabla na baada ya kupevuka lazima kwanza aseme yai ni la nani. Kwa kiti cha pweza kazi ni nyepesi, kwani mayai yote huanza safari kwa wakati mmoja, pale homoni inapotiwa bakulini. Kwa nungu bahari atalazimika kuyatafuta machanga ndani ya ovari, yakiwa yamechanganyika na ya kila umri.

DAI LA 3: "Ili lianze kupevuka, yai lazima litengeneze protini mpya."

SI KWELI kwa kiti cha pweza. Ukiyazuia mayai yake yasitengeneze protini, kwa dawa kama emetini, kisha ukatia 1-methiladenini, kiini kikubwa bado huvunjika. Kwa aina zinazotumika sana maabara, jambo hilo huchukua kama dakika 20 hadi 30.

Sababu ni kwamba kila kitu kilishaandaliwa. Protini mbili zinazoendesha mgawanyiko, saiklini B na kimeng'enya Cdk1, ziko pamoja tayari ndani ya yai changa, zimezimwa kwa vipande vya fosfeti. Homoni huanzisha mlolongo wa kuviondoa vipande hivyo. Mwaka 1976 Takeo Kishimoto na Kanatani walichukua kiasi kidogo cha saitoplazimu ya yai linalopevuka, wakaidunga kwenye yai changa ambalo halikuwa limepata homoni, na yai hilo likapevuka.

Protini mpya huhitajika baadaye, kwa mgawanyiko wa pili. Yai la chura wa Xenopus lina desturi tofauti, kwa kuwa huhitaji kutengeneza protini tangu mwanzo. Somo la kukumbuka tunapoendelea: katika yai mambo mengi hubadilika bila protini hata moja kuongezeka.

DAI LA 4: "Yai bichi la kuku ni chanzo bora cha biotini."

SI KWELI, ingawa biotini imo. Fritz Kögl na Benno Tönnis waliipata ikiwa safi kwa mara ya kwanza mwaka 1936, nchini Uholanzi, kutoka kwenye kiini cha njano cha mayai. Kilo 250 za kiini kilichokaushwa ziliwapa miligramu moja na kidogo.

Kikwazo kiko kwenye ute mweupe. Mwaka 1927 Margaret Boas, akifanya kazi London, alieleza jinsi panya waliolishwa ute mbichi walivyougua ngozi na kunyonyoka manyoya. Mhusika ni protini iitwayo avidini, iliyotambuliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mwanzoni mwa miaka ya 1940. Avidini huinasa biotini tumboni na kuizuia isifyonzwe. Joto la jikoni huiharibu, hivyo yai lililopikwa halina shida hiyo.

Avidini moja ina nafasi nne, na kila nafasi huishika biotini kwa nguvu ambayo ni nadra kuonekana kati ya molekuli zisizounganishwa kwa kifungo cha kemikali. Bakteria wa jenasi ya Streptomyces wana protini yenye tabia hiyo, streptavidini. Maabara ziliona fursa hapo. Bandika biotini kwenye kitu unachokitaka, kisha mwaga avidini au streptavidini yenye rangi inayong'aa. Mahali biotini ilipo, mwanga utatokea.

DAI LA 5: "Kinachong'aa baada ya kutiwa streptavidini ni kile alichokibandika mtafiti."

SI KWELI, na hili ndilo dai linalogharimu kuliko yote. Streptavidini haijui biotini imewekwa na nani. Ile iliyobandikwa asubuhi ya leo na ile iliyofungwa na yai lenyewe miezi iliyopita, zote huzishika sawasawa. Ni kama kumpa mtu kurunzi ili umwone gizani, ukasahau kwamba wenyeji wa mtaa nao wametoka na kurunzi zao.

Kurunzi za wenyeji ziko hasa ndani ya mitokondria, kwa kuwa kaboksilesi nyingi hukaa humo. Yai ni seli kubwa iliyojaa mitokondria. Ukilitia streptavidini yenye rangi bila kubandika chochote, unaweza kupata chembechembe nyingi zinazong'aa zilizotapakaa kwenye saitoplazimu. Mtafiti aliyekuwa akisaka vifuko vinavyotoa vitu nje ya seli au njia za usafirishaji anaweza kudhani ameviona, kumbe anatazama mitokondria. Madaktari wa patholojia wanalijua tatizo hili kutoka kwenye vipande vya ini na figo, tishu zenye biotini nyingi.

Protini zikitenganishwa kwa uzito kwenye jeli, dalili huwa bayana zaidi. Katika seli za mamalia, mistari ya wenyeji hujitokeza karibu na kilodaltoni 130, ambayo ni piruveti kaboksilesi, na karibu na 75, ambapo zile mbili za mabaki ya asidi amino husimama jirani. Mingine hutokea juu sana, zaidi ya 250, nayo ni ya zile mbili za asidi za mafuta. Kwa kuwa vimeng'enya hivi vimebadilika kidogo tangu zamani, hapo ndipo pa kuanza kushuku hata katika yai la kiti cha pweza.

Kinga ipo, tena si ghali. Kwanza, kila jaribio liwe na mayai ya kulinganishia, yaliyotendewa yote isipokuwa kubandikwa biotini. Chochote kinachong'aa humo ni cha wenyeji. Pili, kwa vipande vya tishu, hutiwa avidini isiyo na rangi kuifunika biotini ya asili, halafu biotini huru kuziba nafasi zilizobaki kwenye avidini hiyo, ndipo kazi yenyewe ianze. Tatu, panapowezekana, hutumika alama nyingine kabisa, kama kingamwili iliyounganishwa na rangi moja kwa moja.

DAI LA 6: "Mstari wa biotini ukikolea yai linapopevuka, protini mpya imetengenezwa."

SI LAZIMA. Mstari kukolea ni jambo la kweli lililoonekana, lakini kuna njia zisizopungua nne za kulifikia.

Ya kwanza ni hiyo inayodaiwa, kwamba protini imetengenezwa. Ya pili, protini ilikuwapo bila biotini, na sasa imefungiwa. Kaboksilesi huzaliwa ikiwa tupu, na kimeng'enya kiitwacho holokaboksilesi sinthetesi huifungia biotini baadaye. Ya tatu, protini kubwa imekatwa, na kipande chenye biotini kimejitokeza kwenye uzito mpya. Ya nne inahusu mikono ya mtafiti. Yai linalopevuka hubadilika gamba lake, mifupa yake ya ndani na mpangilio wa vifuko vyake, na huenda protini ileile ikatoka kwa urahisi zaidi wakati wa kusaga mayai.

Njia hizi hutenganishwa kwa majaribio. Kama mstari unakolea hata pale utengenezaji wa protini ulipozuiwa, ya kwanza imeanguka. Dai la 3 limetuonyesha kwamba mayai ya kiti cha pweza huvumilia kizuizi hicho na bado huvunja kiini chao, kwa hiyo jaribio linawezekana. Kingamwili inayoitambua protini yenyewe, iwe na biotini au isiwe nayo, itaamua kuhusu ya pili. Kipande kipya kikijitokeza huku kile kikubwa kikipungua, ya tatu inapata nguvu. Na kupima mabaki yaliyotupwa baada ya kusaga hujibu ya nne.

Kama shabaha ni kuziona protini mpya peke yake, kuna chombo cha zamani ambacho hakichanganywi na biotini ya yai: asidi amino yenye mnunurisho. Mwaka 1982, huko Woods Hole nchini Marekani, Tim Hunt aliyapa mayai ya nungu bahari wa jenasi ya Arbacia methionini ya aina hiyo na kufuatilia mistari kadiri muda ulivyokwenda. Mingi iliongezeka mfululizo, lakini mmoja ulipanda, ukatoweka kila seli ilipogawanyika, kisha ukapanda tena. Huo ndio uliokuwa saiklini, na mwaka 2001 Hunt aligawana Tuzo ya Nobel na Leland Hartwell na Paul Nurse. Methionini ile iliingia tu katika protini zilizotengenezwa baada ya yeye kuitia majini. Biotini haina sifa hiyo ya kutaja tarehe.

DAI LA 7: "Biotini imefungwa pia kwenye histoni, ndani ya kiini cha seli."

BADO HOJA. Histoni ni protini ambazo DNA huzizunguka. Kwa miaka kadhaa kundi moja la watafiti liliripoti kwamba biotini hufungwa kwenye histoni na huenda inasaidia kuwasha na kuzima jeni. Mwaka 2009 wengine walichapisha makala ikisema kwamba biotini si sehemu ya asili ya histoni. Mwaka 2011 yakaja majibu kwamba ipo, ila ni nadra. Sehemu kubwa ya ugomvi ilihusu zana: streptavidini na kingamwili zinaweza kushika kitu kisichokusudiwa, hasa pale kinachotafutwa ni kidogo mno.

Anayechunguza yai la kiti cha pweza ana sababu ya ziada ya kwenda polepole hapa. Kiini chake kikubwa kikivunjika, vilivyomo humwagika na kuchanganyika na saitoplazimu. Mng'ao uliokuwa nje unaweza kuonekana umeingia, au wa ndani ukaonekana umetoka, wakati hakuna kilichobadilika isipokuwa ukuta uliokuwa kati yao.

DAI LA 8: "Protini yenye umbo la avidini lazima ishike biotini."

SI LAZIMA. Yai la nungu bahari wa zambarau wa pwani ya magharibi ya Marekani lina protini ziitwazo fibropelini. Hutunzwa kwenye vifuko ndani ya yai, na baada ya kurutubishwa hutolewa nje kusaidia kujenga utando unaozishikilia seli za kiinitete. Mkiani mwake zina sehemu inayofanana na avidini ya kuku. Ugunduzi huo uliwashangaza wengi, lakini mfanano huonyesha undugu tu. Kama inashika biotini au haishiki ni swali la kupima, na jibu hutegemea kama asidi amino zinazoikumbatia biotini katika avidini zingalipo mahali pake.

DAI LA 9: "Haya ni ya maabara za bahari, hayamhusu mgonjwa hospitalini."

SI KWELI. Vipimo vingi vya damu vimejengwa juu ya mshikamano uleule. Kingamwili yenye biotini hukamata kinachotafutwa katika damu, kisha streptavidini iliyo kwenye punje ndogo hukamata biotini hiyo, na visivyoshikwa huoshwa. Damu ikiwa imejaa biotini kutoka kwenye vidonge, nafasi za streptavidini hujazwa nayo, na kingamwili zenye mzigo huoshwa pamoja na taka.

Matokeo hupotoka kulingana na muundo wa kipimo. Katika troponini, inayotumika kutambua mshtuko wa moyo, jibu linaweza kutoka chini kuliko hali halisi. Katika baadhi ya vipimo vya homoni za thairoidi, ambapo mwanga mdogo humaanisha homoni nyingi, jibu hutoka juu kuliko ilivyo, na mtu mzima wa afya akaonekana mgonjwa wa tezi. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi kuhusu jambo hili, ikitaja kifo cha mgonjwa mmoja aliyekuwa akitumia biotini nyingi na ambaye troponini yake ilisomeka chini kimakosa.

Kiasi kinachohesabiwa kumtosha mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 30, na chakula cha kawaida hukifikia bila taabu. Vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya nywele mara nyingi huwa na mikrogramu 5,000 au 10,000. Hilo halimaanishi kwamba kila anayevimeza atapata majibu ya uongo, kwani mashine za hospitali hutofautiana na watengenezaji wengi wamebadilisha vipimo vyao. Linamaanisha kwamba mpimaji anahitaji kujua kilichomo kabla hajaongeza chake, kama vile mchunguzi wa mayai anavyohitaji lile bakuli la kulinganishia. Kwa hiyo ukienda kupimwa damu, watajie daktari na fundi wa maabara vidonge vyote unavyomeza, hata vile ulivyonunua kama urembo, na uulize kama uviache kwanza na kwa muda gani. Ikiwa jibu lililotoka halilingani na unavyojisikia, una haki ya kuomba kipimo kirudiwe kwa njia isiyotumia biotini.